Skrini Imeandika Mama Adhis Amefutwa

Shangazi Kanini, pokea salamu kutoka Makina, Kibera, na tafadhali nisaidie kwa maana nimevuruga mambo bila kutaka. Mimi ni kijana ninayesomea kompyuta huko Kawangware na sijisifu lakini darasani hakuna anayenishinda, mwalimu wetu Bwana Mulwa ametufundisha kutumia maktaba, si ya vitabu, hii ni ya vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, ukiviita vinakuchorea dirisha, menyu na vitufe kwa herufi na mistari peke yake, na madirisha yangu hata kivuli yanacho. Sasa jirani yetu Nereah, tunayemwita Mama Adhis, ni karani wa mapokezi kwenye zahanati moja ya Kawangware, na ndiye aliyeniombea kwa daktari niwatengenezee programu ya majina ya wagonjwa, kwa hivyo kwa heshima jina la kwanza nililoingiza kujaribia lilikuwa lake. Siku ya kuonyesha nikamkalisha mbele, daktari amesimama nyuma, nikabonyeza pale pa kuondoa jina, kidirisha chekundu kikatokea, FUTA NEREAH? NDIYO, HAPANA, na kabla sijaeleza daktari akanyoosha mkono akabonyeza Ndiyo, mashini ikaandika NEREAH AMEFUTWA. Mama Adhis akasimama akasema, "Kumbe ndio maana umekuwa ukiniuliza kazi yangu yote! Yasin, hata wewe?" nami kwa ujinga nikacheka, akachukua mkoba akaenda, na tangu hapo harudi kazini wala hanifungulii mlango. Bwana Mulwa anasema futa ni Kiswahili sanifu nisibadilishe, rafiki yangu, beshte wa mtaani, naye ananiambia, "Achana na huyo mathe, hajui mambo ya kompyuta." Programu yangu haina kosa hata moja, Shangazi, sasa kosa liko wapi?

Yasin, Makina

Yasin, nilicheka mpaka nikafika pale ulipocheka wewe, hapo nikakasirika.

Mwalimu wako hakukosea: tunafuta ubao, tunafuta meza, tunafuta machozi. Lakini hapa Nairobi mtu akiambiwa amefutwa hafikirii ubao, anafikiria kuachishwa kazi na kodi ya nyumba. Wewe ulihangaika na kivuli cha dirisha ukamsahau atakayekaa mbele yake kutwa nzima.

Kipaji unacho, na hii kazi utaiweza. Badilisha hilo neno, andika "Ondoa jina la mgonjwa huyu?" na kidirisha kikifunguka alama ya kuchagulia itue kwenye Hapana, ili mwenye haraka kama daktari wako asiharibu kitu. Jina la kujaribia tumia lako. Halafu nenda kwa Mama Adhis bila ile diski ya programu yako, na usithubutu kumfundisha. Omba msamaha kwa kile kicheko, hata kama ni kupitia dirishani, kisha mwombe akuchagulie maneno ya menyu. Huyo beshte mwache nyumbani.

Lakini kuna swali ambalo hukuuliza tangu mwanzo, na hilo ndilo kosa lako. Mwambie daktari ajibu mbele ya huyo mama: mashini ikiingia, yeye anabaki? Akisema anabaki, endelea na kazi. Akianza kukohoa na kutazama saa, chomoa diski yako uende nyumbani, kwa sababu Mama Adhis atakuwa ameisoma skrini yako vizuri kuliko wewe.