Mkono wa Bibi Yako Shamsa

Magamba,
S.L.P. 118,
Lushoto.
14 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Mwanaisha,

Barua hii imebeba jambo nililolificha miaka hamsini na mitatu. Lakini salamu hutangulia, hata kwa mtu mwenye haraka ya kufa. Asalaam alaikum, mke wangu wa mbali. Shikamoo yako uliyompa baba yako imefika, nami naitikia marahaba. Hali yako ikoje? Mume mwenzangu Hamisi hajambo, au bado ananiogopa? Na Shamsa mdogo, aliyebeba jina la bibi yako, ameanza kucheka kwa sauti?

Mimi ni mzima kwa kiasi changu. Moyo umechoka na miguu inavimba. Daktari alinieleza hali yangu kwa maneno laini sana. Nimefundisha miaka thelathini na minne, nayajua maneno yale. Ndiyo tunayomwambia mzazi ambaye mtoto wake hatafaulu. Usihuzunike. Nakula, naswali nikiwa nimekaa, na jana nimemfunga Mzee Abrahamu bao mara mbili. Anasema nilimwibia. Ni kweli.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii ikilia watu sita huisogelea, na shangazi yako hupenda kuifungulia sauti ili wote wasikie. Jambo lenyewe si la kusikilizwa na watu sita. Tena pumzi hunikatikia katikati ya sentensi. Kwenye karatasi nikichoka naweka kalamu, kesho naendelea. Leo ni siku ya tatu.

Ukungu umeshuka tangu Jumatatu, mashamba hatuyaoni. Kabichi zimekubali mwaka huu. Karoti zimeliwa na fuko, na baba yako amewatangazia vita.

Sasa nije kwenye lile ulilomwandikia shangazi yako, naye akanisomea. Ulisema unajaribu kumlea Shamsa mdogo bila kumfunga nepi mchana kutwa, kwa kumsoma dalili na kumpakata juu ya poti, kama bibi yako alivyowalea wanawe. Halafu ukaandika hivi: "Mimi sina mkono wa bibi. Wiki ya tatu sasa, namsikiliza mwanangu na simsikii. Labda sikuumbwa kuwa mama." Nilimwomba shangazi yako arudie mstari huo, nikidhani sikusikia vizuri. Kumbe nilisikia.

Mwanaisha, bibi yako hakuwa na mkono huo. Aliyekuwa akiwasoma watoto ni mimi.

Mwaka 1972 nilikuwa mwalimu mkuu kijana, mwenye suti moja na fimbo mbili. Baba yako Saidi alikuwa na miezi mitatu. Mama yangu alikuwa amemwonyesha bibi yako njia ya wazee: unakaa chini, unanyoosha miguu, unamkalisha mtoto juu ya nyayo zako akiwa amekutazama, unamwambia "shiii" taratibu. Kwenye baridi hii yetu haikuwa mapambo. Mtoto akilowa mgongoni mwa mama yake, mama naye analowa, na wote wawili wanakohoa mpaka mwezi wa tisa.

Bibi yako alijaribu. Lakini unamkumbuka alivyokuwa. Akili yake ilikuwa sokoni saa zote. Alimkalisha mtoto huku anahesabu matenga ya matunda kichwani, na mtoto alingoja arudishwe mgongoni ndipo afungulie. Bibi yako alicheka, akasema mtoto huyu ni Mshambaa kamili, hafanyi jambo mbele za watu.

Mwezi wa Juni shule ikafungwa. Siku za gulio bibi yako alimnyonyesha alfajiri, akajitwika tenga, akaniachia mtoto hadi adhuhuri. Nilikaa naye kwenye mkeka nikisahihisha madaftari. Nami, mke wangu, nilikuwa nimezoea kazi moja: kumtambua mtoto anayejua jibu kabla hajanyoosha mkono. Siku ya pili nikaona kwamba baba yako, kabla ya mkojo, alinyamaza ghafla na kutazama pembeni, kama mjumbe aliyechoka na mkutano anayeutafuta mlango. Kabla ya haja kubwa, pua zilimpanuka na nyusi zikawa nyekundu. Nikanyoosha miguu, nikamkalisha, nikasema "shiii", na akakojoa. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu. Nikatazama dirishani kuhakikisha hakuna aliyeniona.

Usimwambie baba yako habari ya pua. Sasa ni mwenyekiti wa msikiti.

Uongo ulianza mchana uleule. Jirani yetu Mwanaidi aliingia pamoja na bibi yako aliyekuwa akirudi sokoni. Akampapasa mtoto chini, akamkuta mkavu. "We Shamsa," akasema, "mtoto huyu umemfunga bomba?" Bibi yako akanitazama. Mimi nikainamisha macho kwenye daftari, nikaweka alama ya vema kwenye jibu lisilo sahihi. Mwalimu mkuu anayemkojoza mtoto! Ningeingiaje darasani? Bibi yako akaelewa, akajibu kwamba ni kumzoea tu.

Mwanaidi alipoondoka, akaniambia, "Haya Mwalimu, sifa umenipa. Sasa nifundishe na kazi yenyewe."

Hakuwa na muda wa kujifunza. Sifa zikamzidi kasi. Kufikia mwaka uliofuata wanawake walikuja barazani na watoto wao, na bibi yako alikaa katikati yao kama daktari. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya dirisha, na madaftari yangu. Nilimtazama mtoto wa watu, na nikiona dalili niligonga meza kwa rula: mara moja mkojo, mara mbili haja kubwa. Bibi yako alisema kwa utulivu, "Mkalishe sasa, mwanangu," na wenzake wakashika vinywa. Siku moja rula ilinianguka ikagonga mara tatu, akamwambia mama wa watu amwahishe mtoto hospitali. Tulicheka chumbani hadi tukaumwa mbavu.

Watoto sita tumewalea hivyo. Nawe ulipoletwa kwetu, mama yako akiwa chuoni, nilikusoma mwaka mzima. Ulikuwa ukinyonya kidole. Ukikitoa ghafla na kukitazama kana kwamba kimekukosea, basi nilikuwa na muda wa kuhesabu hadi kumi.

Kwa hiyo nisikilize, maana kazi hii naijua. Usimkodolee macho siku nzima, utachoka naye atachoka. Mwamini saa kwanza: akiamka usingizini, na muda mfupi baada ya kunyonya, mpe nafasi. Poti ikiwa ya baridi ipashe moto kwa maji, ukaushe, au acha poti, tumia nyayo zako. Mwambie sauti ileile kila siku, wala usimwambie wakati mwingine wowote. Asipotoa, mnyanyue kwa upole. Akijikunja na kulia kwenye poti, amesema hapana. Hapana ya mtoto iheshimiwe. Nepi za dukani usiku usizionee haya, nasi tungekuwa nazo tungewavisha. Na Hamisi asikae pembeni akicheka. Mpe mtoto, uende zako sokoni. Mwambie mume mwenzake amesema kwamba hakuna raha kama ile.

Nina jambo moja linalonisumbua kuliko uongo wenyewe. Wiki chache kabla ya kufariki, bibi yako alinishika mkono akasema, "Baba Saidi, nikiondoka waambie. Nimechoka kusifiwa kwa kazi yako." Nikamwahidi. Siku ya hitima yake wanawake walisimama mmoja baada ya mwingine, wakasema ameondoka aliyejua lugha ya watoto. Mimi nilikaa pale na kofia yangu, nikaitikia amina. Miaka mitatu sasa. Nilijiambia kwamba nalinda heshima yake, kumbe nalinda yangu. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Nikimaliza barua hii nitawaambia na hawa wa hapa, simu ikiwa imezimwa.

Wasalimie wote. Msalimie sana Hamisi, mwambie simdai ng'ombe tena, ajifunze tu kunyoosha miguu. Shangazi yako Mariamu anakusalimu, na baba yako pia, ingawa bado ana hasira na fuko. Mwanaidi, ambaye sasa hana jino hata moja, anauliza mtoto amefanana na nani. Mola akupe subira, ampe mwanao afya na usingizi, na akulinde na baridi ya huko.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina langu hapa, Mwanaisha, nikaweka kalamu chini. Nimekiri nusu iliyo rahisi, ile inayonipa sifa. Nikikuachia hapo, utasema sasa kwamba huna mkono wa babu, na utakuwa umehama shimo moja kuingia jingine. Kuna nusu ambayo hata bibi yako hakuijua. Yeye alifariki akiamini kwamba mumewe hakosei.

Nilikosea kila siku. Kwa kila mara moja niliyowahi, mara mbili niliwahiwa. Nilirarua mashati yangu matatu kuongeza nepi, nikamwambia bibi yako yameliwa na panya. Zilizolowa nilizifua mwenyewe kabla hajarudi, nikazianika ofisini kwangu shuleni, mlango nimefunga kwa ufunguo, kwa kuwa katika ukungu huu nguo haikauki chini ya siku tatu na kamba ya nje ingenisema. Watoto wa shule waliamini humo ndani kuna mitihani. Baba yako alilowesha. Shangazi zako na baba zako wadogo walilowesha. Wewe ulilowesha suti yangu pekee, asubuhi ambayo mkaguzi alikuja. Katika nyumba hii, mwanangu, hajawahi kukaa mtoto aliyeshinda mkavu siku nzima.

Ni mimi babu yako akupendaye,
Twaha