Kuhusu Hodi ya Asubuhi

Mama,

Maharage yako jikoni, uyaongezee maji kabla hayajashika chini. Mbuzi nimemfunga mbali na miche yako. Ndoano ya mizani ya zahanati imekatika tena na leo tunapima watoto, kwa hiyo nimeazima kamba yako ya kuanikia. ~~Nitairudisha jioni.~~ Nitairudisha fundi akipatikana.

Sasa, ya asubuhi. Nilitoka bombani na ndoo kichwani, mlango wazi, nawe unanitazama. Nikabisha hodi. Ukanyamaza. Nikasimama nikisubiri mpaka ndoo ikaniponyoka, maji yote sebuleni.

Ukafoka: “Miezi minne hodi, hodi, kama karani wa sensa! Mtu hubisha hodi kwake?”

Nilicheka, lakini niliona chai yako hukuimaliza.

Si kwamba najihesabu mgeni. Kwa mama yangu tulibisha hodi hata sisi watoto wake. Yeye aliitikia hata akiwa uani: “Pita, mlango hauna meno!” Mwaka jana tulipotoka kumzika, nilifika mlangoni nikabisha kwa mazoea. Hakuitikia mtu. Mwezi uliofuata nikajiandikisha kuja kujitolea huku zahanati, nawe ukanipokea kwako. Wewe ukiitikia, najua kuna mtu ndani.

Sakafu nimeikausha. Ndoo imepata ufa, usiitie maji.

Jioni nitabisha tena. Naomba uitikie, hata kama bado umenuna.

~~Mgeni wako~~
Binti yako