Mke Wangu Anatafuta Kazi

Jumanne, 2 Julai 1996

Baridi kali. Miguu imevimba, kichwa kizima. Mkono pia — mwandiko huu ningempa mwanafunzi alama nane kwa kumi.

Mjukuu wangu Careen amerudi mchana kutoka kwenye intavyuu ya kampuni mpya ya tumbaku, viatu mkononi. Nikamuuliza, vipi, mke wangu? Akasema, wamenicheka, mume wangu. Alipofika kwenye habari za Austria, mwaka mmoja na nusu aliokaa akihudumia wazee kwenye nyumba ya masista, aliwaambia alikwenda kujitolea. Basi! Bwana mmoja akainamisha kichwa kwa huruma, akamuuliza kwa nini alitoka utawani.

Utawani! Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Lakini ndiyo Songea yetu. Binti Mkatoliki akiondoka na barua ya masista, ukasema amejitolea, kila mtu anajua amejitolea kwa nani. Akirudi kichwa wazi, bila shela, ama amefukuzwa, ama kuna mwanamume. Wa pili mezani, kijana wa kuja, hakuwaza utawa. Yeye aliuliza kama alifanya kazi bure kwa sababu hakupatikana wa kumlipa. Cheti chake cha Kijerumani walikipitisha mkono kwa mkono kama picha ya harusi ya watu wasiowajua. Kisha wakamrudishia.

Ameniosha, amenigeuza, amenipaka mafuta mgongoni. Nimekasirika kwa niaba yake. Msichana kazi anaijua. Anayemponza ni neno.

Alhamisi, 4 Julai

Jirani yetu Oliva ameleta maandazi na habari. Kuna shirika limefungua ofisi Bombambili, linashughulika na wagonjwa wanaougulia nyumbani — ule ugonjwa wa siku hizi ambao kila ukoo unao na hakuna anayeutaja. Wanatafuta mtu wa kusimamia huduma hiyo vijijini. Wanaita watu Jumatatu.

Alimkuta Careen ananigeuza. Akamwambia, mwenzangu, ulipanda ndege kwenda kuosha vikongwe vya watu, na hapa Lizaboni tunavyo tele! Careen akajibu kwamba vya kule havikosoi sarufi vikiwa kwenye beseni.

Nikauliza kijiji gani. Oliva akasema Namasakata, huko Tunduru.

Najua njia ile. Mvua ikinyesha, lori linalala porini na abiria wake. Akienda huko, watanizika ndipo apate salamu. Lakini nilichosema ni hiki: "Mke wangu, ndiyo unanipa talaka?" Wakacheka wote wawili. Careen akaniita mzee wa wivu.

Maandazi yalikuwa mazuri. Nilikula moja na nusu.

Ijumaa, 5 Julai

Leo darasa! Nimekalishwa kwenye kiti changu cha zamani, mito pande zote, blanketi magotini. Nilijisikia mwalimu mkuu kabisa.

Sheria ya kwanza: neno kujitolea ni marufuku ndani ya nyumba hii. Nikamwambia, nipe kitenzi. Ulifanya nini? Akasema nilisaidia wazee. Nikasema hata mwizi husaidiwa kupanda ukuta, nataka kitenzi. Akanuna. Akachambua mboga muda mrefu. Ndipo vikaanza kutoka, kimoja kimoja, bila kuniangalia. Niligeuza. Nilipima homa. Nililisha watu wasioweza kumeza. Nilipanga zamu za wasichana wenzangu, wakorofi wote, na hakuna usiku ambao mzee aliachwa peke yake. Nilijifunza lugha yao kwa kuwauliza wapi panauma. Nilikaa na wanaokufa. Nilifumba macho yao.

Mimi nilitazama mikono yake. Sijui yeye alitazama nini.

Kisha nikawa bosi. Nikakunja uso, nikamuuliza, wewe ndiye mtawa uliyeshindwa? Mara ya kwanza alijibu kwa hasira, nikamfelisha. Mara ya pili alisema: "Hapana, mheshimiwa. Masista walinipa chumba, chakula na kazi. Chumba na chakula nimeviacha kule. Kazi nimerudi nayo."

Nzuri! Nimempa tisa. Ile moja nimeibakiza kwa wivu tu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Redio za majirani tangu asubuhi. Padri Leo ameniletea Komunyo baada ya Misa. Careen alitupisha, akatoka uani.

Nimeungama. Nilimwambia Padri: mchana namfundisha mtoto apate kazi, na ninapoachwa peke yangu namwomba Mungu aikose. Si siku moja. Kila siku tangu nilisikie jina la kile kijiji. Mungu yuleyule, Padri, rozari ileile.

Padri huyu kijana, baba yake nilimfundisha kuzidisha. Nilitegemea anipe Salamu Maria kumi tukamalizana. Akaniuliza kama nimemwambia Careen mwenyewe. Nikasema kila siku namwambia, hata leo asubuhi nimemuuliza kama talaka yangu imeshaandikwa.

Akasema, "Mwalimu, huo ni utani. Mwambie bila utani. Ndiyo malipizi ya dhambi yako."

Nimeyapokea. Nilidhani ni mepesi.

Nimekaa nayawaza. Babu na mjukuu kwetu hapa wameruhusiwa kila kitu. Alipokuwa hajajua kutembea niliweka mahari ya karanga kwa marehemu bibi yake, akasema nimuoe huyu, yeye amechoka. Tangu hapo ni mke wangu. Uzuri wa utani ni kwamba unasema kweli yako yote, na hakuna anayelazimika kuisikia. Nimeishi humo raha mustarehe. Sasa Padri ananitoa nje kwenye baridi.

Jumatatu, 8 Julai

Ameondoka asubuhi kwa miguu mpaka Bombambili, kitenge cha bluu, nywele amesukwa na Oliva. Amerudi nimeshalala na kuamka. Alikaa kitandani miguuni kwangu. Hakuvua hata viatu.

Walikuwa wawili. Meneja, Bwana Edwin, mtu wa Moshi, na nesi mmoja mtu mzima, Bi Sharifa, mwenyeji wa Tunduru. Utawa uliulizwa, kama nilivyotabiri! Alijibu kama tulivyofanya mazoezi na Bi Sharifa akatabasamu. Vitenzi vyote alivitoa. Bwana Edwin akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo mimi, mwalimu wake, sikuliwaza. Alisema: dada, kule Ulaya kitanda kinapanda na kushuka chenyewe, maji ya moto yanatoka ukutani, glavu zimejaa kabatini. Namasakata hakuna hata kimoja. Hiyo kazi uliyorudi nayo itafanyika vipi?

Swali zuri. Ningemwajiri Bwana huyo kwenye shule yangu.

Careen anasema alijikuta amesema: "Njooni Lizaboni mumwone babu yangu. Hatuna kitanda hicho. Tuna godoro la sufi, ndoo na mimi."

Bi Sharifa akasema watakuja Alhamisi.

Alinieleza hayo akivuta uzi wa blanketi langu. Akasema, babu, nisamehe, sikukuomba ruhusa. Nimekufanya cheti.

Mgongo wangu hakuna aliyeuona zaidi ya marehemu bibi yake na yeye. Wanangu hawajauona. Alipotua Februari alikuta kidonda cha kulalia hapo chini ya kiuno, limau lingeingia. Nilikuwa nakificha kwa kukalia ubavu na kuvaa koti. Alisikia harufu kabla hajamaliza kusema shikamoo. Akafunga mlango, akachemsha maji ya chumvi, akanivua kama mtoto, nikamtukana kwa Kingoni na Kiswahili. Tangu siku hiyo ananigeuza kwa saa, kama mchoma mihogo. Leo pamefunga. Pamebaki kovu laini, nalipapasa kwa kidole.

Kwa hiyo ndiyo. Cheti ninacho mimi, nimekilalia. Nikamwambia, mke wangu, unataka kuanika mali zetu za ndani kwa wageni! Akacheka mpaka akajifuta macho.

Utani tena. Malipizi sijatimiza.

Jumanne, 9 Julai

Nimejaribu mara mbili. Nikishasema mke wangu, basi. Hilo neno likitangulia, mengine yote yanalifuata kwa kucheza ngoma.

Oliva amekuja kufundishwa kunigeuza. Careen amemwomba tangu jana, bila kunieleza kwa nini. Sikuuliza. Anamfundisha vizuri — hamshiki mkono, anamwambia atazame, afanye, arudie. Mahali pa kuweka goti. Namna ya kukunja shuka iwe kamba ya kuvutia. Oliva alihema kama amebeba gunia. Nikamuuliza kama mimi ni mzito. Akasema, mwalimu, wewe mifupa mitupu, uzito wote uko kwenye kichwa.

Jumatano, 10 Julai

Mchana mbaya. Pumzi fupi, kifua kizito. Careen alinikalisha, akanishikilia kwa nyuma mpaka ikapita. Moyo wake ulikuwa unagonga mgongo wangu.

Baadaye alikuwa anakamua kitambaa, amenipa kisogo. Akasema, "Hata wakinichukua, babu, labda nisiende."

Nilifurahi. Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kumdanganya: nilifurahi sana. Ile rozari imejibiwa, nikasema moyoni. Kisha nikajifanya nimelala. Yeye akasimama pale na kitambaa chake, anangojea niseme lolote. Najua kuangalia kwa jicho lililofumbwa nusu, nimesimamia mitihani miaka mingi. Alingoja sana. Akaenda kupika.

Ndiyo hiyo ninayoiungama leo, Padri hayupo. Si kuomba akose. Kunyamaza aliponigeukia.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeamka mwepesi! Pumzi imerudi, uji nimeumaliza. Jua limetoka, baridi ya kawaida tu. Mwili wa mzee ni mtani pia. Jana unaaga, leo unataka sukari zaidi.

Careen amefagia uani mara mbili. Hajavaa kile kitenge cha bluu, amevaa gauni la kazi. Nimemuuliza. Akasema hawaji kumtazama yeye. Amenigeuza, amenikausha, ameniacha na shati wazi vifungo vyote, shuka safi kiunoni. Mikono yake baridi leo. Hatujataniana hata kidogo tangu asubuhi, sote wawili. Nyumba inasikika tofauti.

Najua wataniuliza. Yule mtu wa Moshi si mjinga. Ataangalia kovu, atasema vizuri, kisha atasema: na huyu akienda Namasakata, mzee, wewe je? Na jibu langu ndilo litakalompa kazi au kumnyima. Nikiugua kidogo tu mbele yao, nikikohoa mahali panapotakiwa, anabaki. Hata yeye mwenyewe hatanilaumu. Ni rahisi hivyo. Nimeweka kalamu chini, nimeishika tena.

Naliandaa jibu. Oliva anajua mahali pa kuweka goti. Kidonda kimefunga. Namasakata kuna watu wamelala na vidonda vyao ndani ya makoti, wanawatukana wanaowapenda. Jibu ninalo, lina vitenzi safi, sitatetemeka. Sina wasiwasi nalo.

Lakini yeye lazima alisikie kwanza, kabla ya wageni. Na lile jingine pia, la rozari. Na la jana, kwamba sikuwa nimelala.

Gari limesimama barabarani. Oliva amepiga kelele kutoka uani kwake kwamba wamefika, mama mwenye mtandio ameshuka, bwana anafunga mlango wa gari. Careen anajifuta mikono kwenye gauni, anapita hapa mlangoni kwenda kufungua.

Nimemwita, "Careen."

Amesimama ghafla. Nadhani amedhani nakufa. Sikumbuki kumwita kwa jina hilo nikimtazama, tangu zile karanga.

Hodi ya kwanza. Anasema, babu, wako mlangoni. Nimemwambia waache wangoje, keti. Naandika huku anakuja, maana mkono ukisimama nitamwita lile neno.

Ameketi. Ananitazama usoni, hasemi mume wangu. Hodi ya pili. Nafunga daftari —