Mzee wa Turubai Achagua Kambi

Jumapili, 27 Julai

Safari imepitishwa! Siku tisa barabarani, kambi nne, hema moja, familia nzima. Baba ameazima gari kutoka shule ya udereva anakofundisha. Lina breki ya ziada upande wa abiria. Mama amefurahi mno. Anasema amesubiri miaka kumi na saba kupata breki yake mwenyewe.

Swali lililobaki: tulale wapi? Mimi kazi hiyo nimeshaimaliza. Wiki tatu maktabani, ramani, vitabu viwili vya wasafiri, daftari zima. Kila kambi nimeiandikia mandhari, maji, choo, kivuli na bei. Leo mezani nikasema kuna kambi moja kwenye ukingo juu ya ziwa, ukifungua hema unaona maji yote chini yako, na bei yake ni ndogo kuliko zote. Nilisema kwa sauti. Nadhani.

Baba akasema, "Tutaona."

Tutaona ni makaburi. Mawazo yangu yote yamezikwa humo.

Kisha akatueleza mpango wake. Vituo vya mafuta! Tutalala nyuma ya vituo vya mafuta. Ni bure, taa zinawaka mpaka asubuhi, na chini ni saruji kwa hiyo hakuna matope. Kambi nne, vituo vinne. Redio (mdogo wangu wa kike, miaka saba, hana kitufe cha kuzimia) akauliza kama tutanuka petroli. Baba akasema ndiyo harufu ya safari hiyo.

Jumanne, 29 Julai

Nimegundua kitu. Baba haamini watu anaowajua. Anaamini watu wa kwenye simu.

Kila jioni akishakula anavaa miwani na kufungua jukwaa la wapiga kambi. Huko anajiita Usukani. Anatusomea maoni ya watu ambao hajawahi kuwaona hata unyayo. "Huyu Kamba Ndefu anasema tusisahau nyundo ya vigingi. Mtu mwenye akili sana huyu."

Nyundo niliisema mimi Ijumaa! Mama shahidi. Nilimtazama Mama. Mama akatazama sahani yake, mabega yanamcheza.

Jumatano, 30 Julai

Nimefanya jambo. Si jambo zuri. Nacheka peke yangu kama mwehu.

Nimechukua simu ya zamani ya Mama, ile yenye kioo kilichopasuka, nimejiandikisha kwenye jukwaa. Jina: Mzee wa Turubai. Umri: sabini na mmoja. Kazi: amestaafu. Picha: chupa ya chai juu ya jiwe.

Kisha nikaandika: "Kijana Usukani, nimesoma mpango wako wa vituo vya mafuta. Mimi nalala kwenye mahema tangu hujazaliwa. Kituoni hulazwa gari. Mtu hulala panapompendeza macho asubuhi. Anza na kambi ya mtoni, kisha ya kilimani, kisha ya msituni. Malizia ziwani, juu ya ukingo. Zote nne kwa pamoja hazifiki bei ya chumba kimoja cha hoteli. Mimi mwenyewe kila Ijumaa huwa pale ziwani."

Hiyo Ijumaa niliitia kama chumvi tu.

Baba alisoma wakati wa chakula. Alisoma mara mbili. "Ameniita kijana," akasema, akanyoosha mgongo. Ana miaka arobaini na sita! Wali ukanipalia. Mama akanipiga mgongoni, nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, nadhani.

Halafu Baba akaandika jibu, anatamka neno kwa neno kama anayejaza fomu: "Shikamoo, mzee wangu."

Baba yangu ameniamkia. Nilikaa chooni dakika kumi nikiitazama ile shikamoo. Kutoitikia ni utovu wa adabu. Kuitikia ni utovu wa adabu mkubwa zaidi. Nikaandika marahaba. 

Nilipotoka nikamwamkia Baba shikamoo. Na baada ya nusu saa tena. Akaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 31 Julai

Vituo vya mafuta vimefutwa vyote. Kambi zote nne ni zangu! Baba anasema ndizo alizokuwa anazifikiria tangu mwanzo.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumefika mtoni. Mama alikanyaga breki yake mara tatu njiani, mara moja kwa ajili ya mbuzi na mara mbili kwa ajili ya Baba.

Ni kama nilivyoandika daftarini. Nyasi fupi, mto una sauti ya mtu anayesuuza vyombo, na mti mkubwa unafunika hema lote. Choo kisafi. Baba alizunguka eneo mikono nyuma, kama mkaguzi. "Unaona?" akaniambia. "Kuna faida ya kumsikiliza mtu aliyeishi."

Nikasema ndiyo Baba.

Mama alikuwa anakata vitunguu. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba angependa sana kama huyo mzee angejua kambi ya msituni ina maji ya moto ya kuoga. Na kama haina, angependa kujua mapema. Kisha akaendelea na vitunguu.

Anajua! Au hajui? Usoni hana kitu. Mama ni muuguzi, amezoea kumchoma mtu sindano huku akimsimulia habari za mvua.

Nimeangalia daftari. Maji ya moto yapo, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Mzee wa Turubai ameandika hivyo jukwaani. Mama alipopata habari akasema, "Mzee huyo ana masikio makubwa."

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa. Kambi ya kilimani.

Mandhari ni ya ajabu, sikudanganya. Vilima saba nimevihesabu. Lakini vitabu havikusema kweli juu ya upepo! Tulipiga hema saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu hema lilikuwa limelala chali. Saa kumi lilikuwa linaondoka. Baba alilikimbilia akalirukia kama kipa. Redio alimlalia Baba mgongoni ili kuongeza uzito. Vigingi vinne tumevipata, viwili vimehama nchi.

Mzee wa Turubai alikuwa ameandika "upepo mwanana". Niliyachukua maneno hayo kwenye kitabu. Sijawahi kukanyaga kilima hiki. Mimi ni mwongo mwenye marejeo kamili.

Nilingoja Baba akasirike. Alikaa chini, nywele zimejaa majani, akasema lazima mzee wa watu alikuja msimu mwingine. Ningekuwa mimi niliyesema, je? Ningeambiwa nirudi vitabuni. Mzee anasamehewa hata upepo.

Inauma kidogo. Inachekesha pia. Sijui ipi imetangulia.

Jumanne, 5 Agosti

Siwezi kucheka leo.

Baba alienda pembeni na simu, akakaa juu ya jiwe muda mrefu, anaandika na kufuta. Aliporudi, simu ikatetemeka begini mwangu. Akageuza shingo. Mama akakohoa kikohozi kirefu cha kitaalamu. Mimi nikachukua karatasi ya chooni nikatoweka.

Ujumbe wa faragha, kwa Mzee peke yake. Nainakili hapa kwa sababu naogopa nitaufuta.

"Mzee, shikamoo. Samahani, hili si la mahema. Nina binti wa miaka kumi na sita. Anasoma kuliko nilivyowahi kusoma mimi. Nikimsemesha anajibu ndiyo Baba, hapana Baba, anarudi kitabuni. Wanafunzi wangu nawaambia kioo, ishara, geuka, wanageuka. Huyu sijui nimwambie nini. Safari hii nimeipanga kwa ajili yake, lakini nikifungua mdomo natoa habari za vituo vya mafuta. Nahisi ananiona mjinga. Wewe kwa wanao uliwezaje?"

Simwoni mjinga. Sikuwahi! Nilidhani yeye ndiye anayeniona kama samani.

Nimeandika majibu manane. La kwanza lilisema "Baba ni mimi." Nimelifuta. Nililotuma ni hili: "Marahaba kijana wangu. Muulize swali moja. Kisha nyamaza. Nyamaza mpaka uone aibu, halafu ongeza kidogo. Watoto wa namna hiyo hujibu polepole."

Jumatano, 6 Agosti

Imetokea garini, tukielekea msituni. Mama alijifanya amechoka, akahamia nyuma kwa Redio. Mimi nikawekwa mbele, kwenye breki.

Baba akasafisha koo. "Hicho kitabu chako kinahusu nini?"

Nikasema kinahusu watu wanaotengeneza ramani. Nikanyamaza. Kwa kawaida hapo ndipo angeanza habari za matairi. Hakuanza! Midomo ameibana, mishipa ya shingo imemtoka. Tulipita daraja. Tulipita lori la mbao. Redio akauliza kwa nini hakuna anayeongea, Mama akamziba mdomo kwa ndizi.

Basi nikaongea. Nikamwambia kuhusu mwanamke mmoja kitabuni aliyepima pwani nzima kwa miguu, na jinsi ramani zinavyoacha vitu makusudi, na jinsi ninavyotaka kuisomea kazi hiyo. Sijawahi kumwambia mtu hilo la mwisho. Nilitazama saa: dakika kumi na moja!

Baba akauliza, "Hata upepo ramani zinauacha?"

"Upepo zaidi ya vyote."

Akacheka. Akacheka mpaka Mama akamwambia atazame barabara. Nami nilikuwa nakanyaga breki, nimesahau kwamba yangu inafanya kazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Msituni. Maji ya moto yapo, Mama ameoga mara mbili. Siku nzuri mpaka saa sita.

Saa sita Baba ameandika: "Mzee, umeniokoa. Kesho ni Ijumaa na tutakuwa ziwani. Ulisema Ijumaa hukosi. Njoo unywe chai nasi saa kumi na moja jioni. Nataka nikushike mkono, na nataka umwone binti yangu."

Chumvi yangu ile! Nani aliniambia niitie?

Mzee anaweza kuugua. Anaweza kupasukiwa tairi. Anaweza kufa, ana umri wa kutosha. Lakini akifa, Baba atalia, namjua, alilia gari letu la kwanza lilipouzwa. Na nikisema ukweli? Ameniamkia shikamoo mara sita. Ameniandikia maneno ambayo mtu hamwandikii mwanawe. Atajua nimeyasoma yote. Ataona aibu, ataficha uso kwenye habari za matairi, na zile dakika kumi na moja hazitarudi.

Sijajibu. Chini ya ujumbe wake inaonyesha kwamba nimeusoma.

Ijumaa, 8 Agosti

Ziwa! Daftari langu halikutosha. Tuko juu ya ukingo, hema limeelekea maji. Asubuhi yalikuwa ya kijivu, mchana buluu, sasa yanabadilika tena nami sina jina la rangi hii. Upepo hakuna. Niliuliza mwenyewe kabla hatujashusha mizigo, nilimwendea mlinzi nikamuuliza mtu nisiyemjua, kwa mdomo wangu. Baba alinitazama tu.

Amenyoa ndevu kwa kioo cha gari. Amevaa shati la kola. Mlinzi alipopita, Baba akamwambia tunasubiri mgeni, mzee fulani wa miaka sabini na kitu, huja hapa kila Ijumaa.

Mlinzi akacheka. "Nina miaka kumi na moja kwenye geti hili, bosi. Hapa mzee ni mimi tu."

Nilikuwa nimeshika kamba ya hema. Niliishika vizuri zaidi. Nilingoja Baba ashangae, abishane, atoe simu aonyeshe ushahidi. Hakufanya hata kimoja. Akamshukuru mlinzi.

"Atakuja," akasema.

Kisha akamwomba Mama ampeleke Redio akaone maji kwa karibu. Mama hakuuliza kwa nini. Alimvuta Redio kwa mwendo wa gari la wagonjwa. Redio analalamika mpaka sasa, sauti inazidi kushuka chini.

Nimeingia hemani. Naandika hapa. Kwenye simu nina jumbe tatu tayari: homa, tairi, msiba. Sijatuma hata mmoja. Saa kumi na moja imepita kwa dakika nne.

Kupitia kitambaa naona kivuli chake. Amekaa kitini. Amemimina chai, nimesikia. Kikombe kimoja. Halafu kingine.

Barabara iko nyuma yake. Hajageuka kuitazama hata mara moja. Amelielekea hema.

Amenyamaza. Amenyamaza mpaka mimi ndiye ninayeona aibu. Na bado anaongeza kidogo.

"Mzee," amesema sasa hivi, si kwa sauti kubwa. "Chai inapoa."

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili sikioni —