Bugali ya Barrière

Priscille, soma yote mbele ya kunipigia. Zagabe wetu amefika nyumbani, iko muzima. Lakini amerudi na miguu.

Unajua ile régime yake ya kula, ya course ya velo, mashindano ya baiskeli: hakuna mukate, hakuna muchele, hakuna bugali. Avoka, karanga na samli tu, ati mwili ijifunze kuchoma mafuta, asichoke mu milima. Vita ikaingia Bukavu, course ikafutwa, yeye akaendelea tu na mazoezi.

Leo asubuhi, kwenye barrière yenye kufunga njia ya Minova, bale ba silaha balikuwa banakula. Mukubwa wao akamukaribisha vizuri kabisa: "Kuya ndugu, nawa mikono."

Na yeye akajibu: "Aksanti, mimi sikulake bugali."

Priscille!! Alisema vile. Mbele ya bunduki.

Mukubwa akaacha kula. "Mutu gani wa kabila ya Bashi hakulake bugali? Unaogopa sumu yetu, ao weye njo unabeba sumu?" Bakafungua chupa yake ya velo, bakaona ile samli na karanga, nzito, inanuka. "Onja weye kwanza." Akainywa yote, bale banamuangalia tu, banangojea aanguke.

Hakuanguka. Bakacheka sana. Bakamuachilia, lakini velo bakaibakisha kwao.

Amefika, akaketi, akaomba bugali. Bugali, Zagabe! Maman akapika mbio mbio, na furaha. Akaiweka mbele yake.

Zagabe akaiangalia. Hata hasira hakuwa nayo. Akasema polepole: "Maman, onja weye kwanza."

Na maman akaonja. Akameza. Zagabe anamuangalia tu, anangojea.