Mpangaji na Nguzo ya Kuanikia Shuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo shemeji anakuja na gari kumchukua mbwa wetu akamtupe mbali, na mimi sitaki aende ila mdomo wa kumtetea sina.

Mimi ni dobi, nafulia nyumbani, shuka nyingi ni za nyumba ya wageni ya hapa mtaani, na mbwa tunamwita Mpangaji kwa sababu alihamia mwenyewe barazani bila kukaribishwa na mtu. Mwezi uliopita mama mkwe aliteleza bafuni, mimi niko uani redio inaimba sisikii kitu, Mpangaji akaja akaniuma pindo la gauni akinivuta, nikamfokea, akarudi tena, kumfuata namkuta mama yuko chini hajitambui, daktari akasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine, na leo mama anakula, anacheka, ananisema chumvi imezidi, na kila akinisema namshukuru Mungu, namshukuru na yule mbwa.

Sasa huyo huyo anakojolea nguzo ya kamba ya kuanikia, na shuka zikining'inia chini nazo zinapata mgao wao. Mwenye nyumba ya wageni amesharudisha furushi, amesema likirudi tena ndiyo kwaheri, na mume wangu anasema hatuwezi kula shukrani. Nimemchapa, nimemwaga dawa ya kung'arishia nguo, na kila asubuhi maji niliyolowekea nepi za mwanangu namwagia pale pale nguzoni vumbi litulie, lakini wapi, anarudi. Nifanyeje?

Dobi Mwenye Roho Mbili

Dada yangu Dobi,

Pole, na hongera kwa kukumbuka fadhila. Wengine wangemlipa ile shukrani ya punda, mateke. Ingawa na wewe fimbo umeshaishika.

Hebu isome tena barua yako. Maji ya nepi unamwaga wapi? Yaani kila asubuhi unampelekea mbwa dume habari kwamba kuna mtu kakojoa kwenye himaya yake, naye anajibu, halafu unamchapa kwa kujibu. Maskini anadhani mnasaidiana kazi.

Maji ya nepi kuanzia leo ni ya chooni. Nguzo isugue kwa sabuni na maji mengi, kesho yake uipake siki iliyotiwa maji, lakini siki na ile dawa yako ya kung'arishia usizikutanishe kamwe, mvuke wake unaumiza mapafu. Simika gogo kwenye kona ya mbali, umpeleke kwa kamba kila akiamka na kila akishakula, akiinua mguu pale msifu hapo hapo na umtupie kipande cha chakula. Kamba ya shuka ipandishe juu, nguzo izungushie wavu mpaka azoee. Ukiona anajikamua, au mkojo una damu, huo ni ugonjwa, mwone daktari wa mifugo.

Na fimbo uitupe. Mbwa anayekuogopa hatakuja kukuvuta gauni siku nyingine.

Shemeji mpigie leo, mwambie Jumamosi aje kula tu. Mume akibisha, usigombane naye. Mtolee mama yake kiti uani, Mpangaji alale miguuni pake, kisha mwombe mumeo arudie mbele yao kwamba shukrani hailiwi.