Ubao Mmoja Mbele

Papa mpendwa, magoti yanasemaje huko Kindu?

Hapa kwa tonton, mjomba wangu, hakuna mizani ya kunionyesha kama nimepungua, lakini kuna mtumbwi. Kila asubuhi navuka mto kwenda Lubunga kutembea, kisha narudi kula mchicha wa lengalenga bila mafuta mengi. Mpiga kasia huwapanga abiria kwa uzito, na wiki tatu amenipigia kelele: "Patron, weye iko muzito, kaa katikati!" Nilikaribia kuacha mazoezi. Leo amenitazama, akasema: "Enda ku mbele kidogo. Katikati iko ya ule mama." Nimesogea ubao mmoja wa kukalia. Sikushangilia, kwa kuwa mtumbwi hutikisika.

Mama anasema umeacha kutembea. Papa, mazoezi haya niliyaanza ili nawe uyafuate; daktari aliuhofia moyo wako, si wangu. Nikirudi, uje kunipokea bandarini kwa miguu.

Akupendaye,
Idi